Wi-Fi Si Intaneti: Simu ya Zamani Inavyoongea na Kompyuta Bila Waya Wala Bando

Mama yangu mdogo alishuka kwenye basi la Korogwe akiwa na simu iliyofungwa mpira wa noti, ule mwekundu. Tulipofika nyumbani hakungoja hata chai.

"Shikamoo, ma'mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niangalizie hii simu. Fundi kasema imezeeka, haisinki tena, ninunue nyingine. Na sauti ya bibi yako imo humu ndani."

Simu yenyewe ni Android 4.4, toleo lililotangazwa mwaka 2013. Ule mpira una kazi yake. Sehemu ya kuchajia imelegea, na waya haushiki mpaka uukaze upande mmoja. Ukishika, simu inachaji tu. Ukiichomeka kwenye kompyuta, kompyuta haioni kitu. Jirani yake alikuwa amemshauri anunue bando la GB 5 apandishe picha zote mtandaoni. Alilinunua, programu ya picha ikamwambia toleo la simu yake halitumiki tena, bando likaisha muda wake likiwa karibu zima.

Fundi na jirani walimshauri kwa nia njema, na wote wawili waliteleza mahali pamoja. Waliona kwamba simu isiyoweza kuwasiliana na mtandao wa nje haiwezi tena kuwasiliana na kitu chochote. Dhana hiyo naisikia kila mahali, na inawagharimu watu picha za watoto wao, namba za ndugu na sauti za marehemu. Tuifungue fundo moja baada ya jingine.

Tuanze na neno kusinki, ambalo kwa Kiswahili ni kusawazisha. Watu huliita hivyo tendo lolote la kutoa vitu kwenye simu kwenda kwenye kompyuta, kumbe ndani yake mna mambo matatu yasiyofanana.

La kwanza ni kunakili. Unachukua faili huku, unaweka nakala yake kule, basi. Ni kama mwanafunzi anayenakili ubaoni: mwalimu akifuta ubao, daftari halifutiki.

La pili ndilo kusawazisha kwenyewe. Fikiria kikundi cha kuweka na kukopa chenye daftari mbili, moja kwa katibu na moja kwa mweka hazina. Kila kikao wanakaa pamoja, wanalinganisha mstari kwa mstari, na mwisho wa kikao daftari zote mbili lazima zisomeke sawasawa. Katibu akiongeza mkopo mpya, mweka hazina naye anauandika. Lakini katibu akifuta mstari kwa bahati mbaya, na utaratibu wao ni kufuata badiliko la mwisho, mweka hazina naye anaufuta. Kompyuta na simu zilizosawazishwa pande zote mbili hufanya hivyo hivyo. Ukifuta picha kwenye simu ili upate nafasi, kikao kijacho picha hiyo inaondoka na kwenye kompyuta.

La tatu ni nakala ya akiba. Hiyo ni daftari ya tatu, iliyofungiwa kabatini, ambayo hakuna anayeigusa. Mtu anayesema "picha zangu ziko salama, nimezisinki" mara nyingi ana daftari mbili zinazofutana na hana ya kabatini. Nimeona mtu akipoteza picha zote za harusi yake kwa kosa hilo, simu ikiwa nzima na kompyuta ikiwa nzima.

Ma'mdogo alihitaji jambo la kwanza na la tatu. Kusawazisha hakukuwa haja yake hata kidogo, ila ndilo neno alilopewa.

Fundo la pili ni kubwa zaidi. Wi-Fi si intaneti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio yanayounganisha vifaa vilivyo karibu, ndani ya nyumba au ofisi. Intaneti ni ile barabara kuu ya nje. Kile kisanduku tunachokiita ruta kinafanya kazi zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana tunazichanganya: kinaunganisha vifaa vya ndani, halafu kinavifungulia mlango wa kwenda nje.

Chukua nyumba za uswahilini zinazopakana uani. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari hupita juu ya ua kwenda kwa jirani. Anayeipitisha hapandi daladala wala halipi nauli, kwa sababu sahani haifiki barabarani. Picha inayotoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo nayo hupita uani. Bando ni nauli ya barabarani. Uani halitumiki.

Hata anwani zinaonyesha hivyo. Kila kifaa kilicho ndani ya mtandao hupewa namba, na za nyumbani mara nyingi huanza na 192.168 au 10. Namba hizo zimetengwa kwa matumizi ya ndani peke yake. Barabara kuu haizitambui. Ni sawa na kusema "chumba cha uani, mkono wa kushoto". Waliomo ndani wanakijua, lakini huwezi kukiandika kwenye bahasha ukatarajia barua ifike kutoka Mwanza. Kompyuta ikiifuata simu yako kwa anwani ya 192.168, jua mazungumzo hayo ni ya ndani.

Kama hujaamini, zima data ya simu, chomoa ule waya unaoleta intaneti kwenye ruta, kisha hamisha picha. Itakwenda. Bluetooth nayo ni hivyo hivyo: haina uhusiano na bando, haijawahi kuwa nao, na anayekwambia umalize kwanza kuweka vocha ndipo utume kwa Bluetooth hajui anachosema.

Kama redio ya simu ni nzima, fundi aliona nini hata akasema imezeeka? Aliona kitu cha kweli, akakipa jina lisilo lake. Redio haikuzeeka. Kilichopitwa na wakati ni utaratibu wa mazungumzo, yaani itifaki: nani anasalimia kwanza, kwa maneno gani, na anaonyesha kitambulisho kipi. Simu iliyotengenezwa mwaka 2013 inabisha hodi kwa salamu za mwaka 2013. Ikifika mlango wa mwaka huu, haifunguliwi.

Milango hii ilifungwa lini inajulikana. Tarehe 27 Septemba 2021, Google iliacha kuruhusu simu zenye Android 2.3.7 kushuka chini kuingia kwenye akaunti. Mwaka 2023 ikaacha kutoa maboresho ya huduma zake kwa Android 4.4, na simu ya ma'mdogo iko hapo. Programu moja baada ya nyingine zikaanza kuiaga.

Halafu kuna suala la vyeti. Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye muhuri wa chombo kinachoaminika, na simu hutoka kiwandani ikiwa na orodha ya mihuri inayoitambua. Mtazame mzee anayejua muhuri wa mwenyekiti wa mtaa wa zamani. Ukimletea barua yenye muhuri wa mwenyekiti mpya ataikataa, na hana kosa, kwa sababu hajaletewa habari ya uchaguzi. Let's Encrypt, chombo kinachotoa vyeti kwa mamilioni ya tovuti, kina muhuri wake mkuu ambao Android zilizo chini ya toleo 7.1.1 haziujui. Ndiyo maana simu ya zamani hufungua tovuti hii ikaigomea ile, na mwenye simu anadhani mtandao unasumbua.

Yote hayo yako barabarani. Uani kwako hakuna anayeuliza cheti.

Ila hata uani kuna mlango mmoja uliofungwa, na huu umewachanganya hata watu wa kompyuta. Zamani njia rahisi ilikuwa kufungua folda ya pamoja kwenye Windows na kuiingia kutoka kwenye simu. Njia hiyo hutumia itifaki iitwayo SMB. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilisambaa duniani kwa kupenya kwenye udhaifu wa toleo la kwanza la SMB, kikakwamisha mpaka hospitali za Uingereza. Oktoba mwaka huo, Windows 10 toleo 1709 ikaanza kuja bila kuwekewa SMB hiyo ya kwanza. Programu nyingi za simu za zamani zinajua hiyo ya kwanza tu. Matokeo yake simu inaitafuta kompyuta, inaiona au haiioni, na vyovyote vile haiingii. Mtandaoni utakuta watu wanashauri uirudishe SMB ya kwanza. Usifanye hivyo. Utakuwa umeng'oa komeo la kompyuta nzima kwa ajili ya picha.

Zinabaki njia mbili zinazofaa.

Bluetooth ndiyo ya kwanza, na kwa vitu vichache inatosha kabisa: namba za simu zilizokusanywa kwenye faili moja la vcf, picha tano, rekodi moja ya sauti. Wengi hukwama kwa sababu ya hatua moja ndogo. Kuoanisha simu na kompyuta hakutoshi. Kwenye Windows lazima ufungue kwanza dirisha la kutuma na kupokea mafaili kwa Bluetooth, uchague kupokea, kompyuta ikae inasubiri, ndipo utume kutoka kwenye simu. Ukituma kabla ya hapo, simu itakuambia imeshindikana, nawe utadhani Bluetooth imekufa.

Kasoro yake ni mwendo. Kasi ya mtandao huhesabiwa kwa biti na ukubwa wa mafaili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kila tarakimu ya kasi unayoisoma igawe kwa nane kwanza. Bluetooth ya simu nyingi za zamani hupitisha kama megabiti 2 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri. Mzigo wa GB 4, kama wa ma'mdogo, ni megabiti 32,000. Gawa kwa 2 upate sekunde 16,000, ambazo ni zaidi ya saa nne, betri ikiwa imechoka na mpira wa noti ukilegea. Wi-Fi ya simu hiyo hiyo, ikipitisha megabiti 24 tu kwa sekunde, mzigo huo inaumaliza kwa dakika 22 hivi.

Kwa hiyo tulitumia Wi-Fi, kwa itifaki iliyo kongwe kuliko simu, kuliko Wi-Fi yenyewe: FTP, iliyoandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971. Ukongwe wake ndio unaotusaidia. Ni nyepesi, karibu kila kompyuta inaielewa, na haidai cheti. Programu nyingi za kusimamia mafaili kwenye simu za Android zina kipengele cha kuigeuza simu kuwa seva ya FTP, na ya ma'mdogo ilikuwa nacho tayari, hajawahi kukigusa. Seva hapa si mtambo mkubwa. Maana yake ni upande unaokaa dukani ukisubiri mteja. Simu inafungua duka, kompyuta inakuja kuchukua bidhaa.

Nikawasha kipengele hicho, simu ikaandika anwani: ftp, nukta mbili, mistari miwili, 192.168 na kuendelea, kisha 2121 mwishoni. Hiyo 2121 ni namba ya mlango, na ukiiacha hufiki. Anwani hii usiiandike kwenye kivinjari. Firefox na Chrome ziliondoa FTP mwaka 2021, kwa hiyo kivinjari hakitakufikisha popote. Iandike kwenye File Explorer, ile programu ya kufungulia folda, pale juu panapoonyesha uko folda gani, kisha bonyeza Enter. Folda za simu zikajitokeza kwenye kioo cha kompyuta kama za flashi.

"Mbona hujaweka bando?" ma'mdogo akauliza.

"Halihitajiki. Zinapita hapa hapa ndani."

Akaichukua simu, akazima data mwenyewe, akatazama picha zikiendelea kuhama. Hapo ndipo aliponielewa. Maelezo yangu ya nusu saa hayakuwa yamefua dafu.

Kimahesabu zilikuwa dakika 22, ikatuchukua karibu 40. Mafaili yalikuwa mengi na madogo, na kila faili ni hodi mpya, karibu mpya, kwaheri mpya. Video moja ya MB 500 huenda haraka kuliko picha ndogo elfu moja zenye uzito huo huo.

Usiyekuwa na ruta nyumbani hujakosa kitu. Hotspoti ya simu ni ruta ndogo. Iwashe, unganisha kompyuta, na kwenye Android nyingi za zamani simu hujipa anwani 192.168.43.1. Lakini zima data kwanza, na hili nalisisitiza kwa sababu ndilo lililozaa uvumi kwamba kuhamisha picha kwa Wi-Fi kunakula bando. Picha hazili. Ila kompyuta ikikuta hotspoti yenye data imewashwa, inaona barabara iko wazi na kuanza kupakua maboresho ya Windows kimyakimya. Bando la wiki huisha picha zikiwa nusu, na lawama zinaziangukia picha. Baadhi ya programu za FTP pia hukataa kuwaka simu yenyewe ikiwa ndiyo hotspoti. Hapo azima simu nyingine itoe hotspoti, data ikiwa imezimwa, na simu yako na kompyuta zijiunge kwayo.

Ikigoma bado, mara nyingi sababu ni mojawapo ya hizi. Mitandao ya wageni ya hotelini na maofisini huzuia vifaa visionane, kila mmoja anafunguliwa mlango wa nje tu, uani kumejengwa ukuta. Au ruta mpya imewekwa kwenye usalama wa WPA3 peke yake, ambao simu ya zamani haiujui, au inatoa mawimbi ya gigahezi 5 tu wakati simu inasikia 2.4. Hayo mawili hurekebishwa kwenye mipangilio ya ruta. WPA2 bado inafaa.

Wenye iPhone za zamani wana hadithi yao. Kusawazisha na kompyuta kwa Wi-Fi kulikuja na iOS 5, toleo la mfumo wa iPhone la Oktoba 2011, kupitia iTunes, programu ya Apple ya kwenye kompyuta. Tatizo ni kwamba lazima uunganishe kwa waya mara ya kwanza ili kuruhusu. Kama una iPhone ya zamani ambayo sehemu yake ya kuchajia bado ni nzima, fanya hivyo leo. Ikishalegea umechelewa.

Na anayetaka kusawazisha kweli, si kunakili mara moja, iko programu huria iitwayo Syncthing, iliyoanza mwaka 2013, inayolinganisha folda za vifaa viwili moja kwa moja bila kupitia wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni, la mtu. Toleo lake rasmi la Android lilisimamishwa Desemba 2024, na wengine wanaliendeleza. Nakushauri kitu kimoja kabla ya kuiwasha: upande wa simu uweke utume tu, usipokee, na angalia mipangilio ya kompyuta kuhusu kinachofutwa. Rudi kwenye daftari za kikundi ukumbuke kwa nini.

FTP ina ubaya wake. Haifungi chochote kwa fumbo. Jina, neno la siri na picha zenyewe hupita wazi, na mwenye ujuzi aliye kwenye mtandao huo anaweza kuzisoma. Nyumbani kwako, kwa dakika 40, hatari ni ndogo. Kwenye mgahawa au hosteli usithubutu. Ukimaliza, zima ile seva, usiifunge tu kwa kurudi kwenye ukurasa wa mwanzo, maana inaweza kubaki imewaka.

Tulipomaliza, ma'mdogo alitaka kufuta kila kitu kwenye simu hapo hapo. Nikamzuia. Tulihesabu: simu picha 1,846, kompyuta picha 1,846. Rekodi za sauti 12 kwa 12. Halafu tukafungua moja moja zile rekodi, kwa sababu hesabu ya mafaili haisemi kama yamefika mazima. Ya tisa ilikuwa na ukubwa wa sifuri. Jina limefika, sauti haikufika. Mawimbi yalikatika katikati. Tukaihamisha upya peke yake. Kompyuta haikujua kuicheza, kwa kuwa ilikuwa ya muundo wa amr, ule wa simu za zamani, mpaka tulipoifungua kwa programu ya VLC.

Ilikuwa ndiyo yenyewe. Bibi anaita kuku, anamkemea mtu, anauliza kama simu imeshawaka.

"Sasa nifute?" ma'mdogo akauliza baada ya kuisikiliza mara tatu.

"Bado. Tukanunue flashi kwanza, tuweke nakala nyingine ukae nayo Korogwe."

Tukaenda.